Gemu Haikunogei Tena? Anza na Mkebe wa Kimbo

Jumamosi moja mwezi wa Machi watoto walikuwa wamelala, baba yao yuko zamu ya usiku, vyombo vimeoshwa, stima ipo. Nikawasha PlayStation. Nikapitia gemu zangu kumi na moja kutoka juu hadi chini, nikarudi tena kutoka chini hadi juu, kama mtu aliyeshiba anayesomewa vyakula vya hoteli. Kisha nikazima, nikaenda kukunja nguo. Nguo! Mimi niliyekuwa nikiacha mtungi bombani ili niwahi kibanda cha gemu.

Nina miaka 38, naweka hesabu za duka la pembejeo hapa Nakuru. Nimejaribu mengi tangu usiku ule. Haya ndiyo yaliyofaa, na mengine nayataja ili usipoteze pesa kama mimi.

Kwanza, usinunue chochote. Mtu akiona gemu hainogi hudhani gemu ndiyo imezeeka. Nilitafuta Red Dead Redemption 2 iliyotumika, ile ya 2018, diski mbili. Usiku wa kwanza nililala mashine ikiwa bado inanakili gemu kutoka kwenye diski. Nilicheza jioni tatu. Hadithi huanzia kwenye theluji, na mimi hadi leo sijaishuka milima ile. Pia nilinunua padi ya pili, kile kidude cha kushika mkononi ukicheza, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Kijiti chake cha kushoto kinajiendea chenyewe, mchezaji anatembea kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Ukinunua padi iliyotumika, wekelea mezani dukani, usiiguse, uangalie kama kuna kitu kinasogea kwenye skrini. Dakika moja tu. Mimi sikuipoteza hiyo dakika, nikapoteza pesa.

Baada ya hapo, chukua kalamu uandike ulichokuwa unakipenda enzi zako. Usiandike "nilipenda gemu za mapigano." Andika ulikaa wapi, nani alikuwa nyuma yako, ulilipa ngapi. Hapa usikimbie.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka 1999, mtaa wa Langa Langa, chumba cha mabati nyuma ya kinyozi. Televisheni ya inchi 14, benchi mbili, na PlayStation ya kwanza iliyolazwa kifudifudi. Ndiyo, kifudifudi. Kifaa kinachobeba taa ya kusomea diski kilikuwa kimelika kwa matumizi, kikainama, na dawa ya fundi asiye na spea ilikuwa kuigeuza mashine juu chini kama chapati ili ile taa irudi karibu na diski. Mwenye kibanda alikuwa akiipiga kofi dogo la upendo kabla ya kuwasha. Gemu ilikuwa Tekken 3, ya watu wawili kupigana. Shilingi tano pambano moja. Ukishindwa unasimama, anakaa mwingine. Ukishinda unabaki, wala hulipi tena.

Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Wavulana wote walimchukua Eddy Gordo, Mbrazili wa kurusha miguu, kwa sababu hata ukibonyeza ovyo anapiga mtu. Mimi nilimchukua King, mwanamieleka mwenye kinyago cha jagwa. Ana mikamato mirefu inayofuatana, ukikosea kitufe kimoja imekatika. Niliiandika nyuma ya daftari la Hisabati, mishale na duara, nikiikariri njiani kutoka shule huku vumbi la Nakuru likinijaa mdomoni. Siku nilipomkamata mvulana mmoja wa darasa la nane nikammalizia mkamato wote mpaka mwisho, benchi ziliangushwa. Nilikaa kwenye kile kiti mapambano tisa kwa shilingi tano.

Niliandika mambo saba. Nilipoyasoma, gemu yenyewe ilikuwa imetajwa mara moja tu. Mengine yalikuwa shilingi tano, foleni, kelele za nyuma, hofu ya kusimama, daftari, na kwamba saa kumi na mbili lazima niwe nyumbani. Kwenye sofa langu la sasa hakuna hata kimoja. Gemu ni nyingi, hakuna anayengoja kiti, na nikishindwa hakuna anayejua. Hapo ndipo ladha ilipopotelea. Yako huenda imepotelea kwingine, ndiyo maana nasema uandike mwenyewe.

Sasa mkebe. Nilichukua mkebe mtupu wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, nikautoboa mfuniko kwa kisu, nikauweka kando ya televisheni. Kila pambano shilingi ishirini. Aliyeshindwa anasimama na kumpisha mwingine, na akitaka kurudi analipa. Hakuna mkopo. Mwanangu wa miaka 12 alilalamika kwamba hii ni mashine yetu wenyewe, kwa nini tulipe? Nikamwambia hata kibanda kilikuwa na mwenyewe. Ndugu yangu mdogo hupanda matatu kutoka Njoro Jumamosi jioni, kwa hivyo tuko watatu, na watatu wanatosha kufanya foleni.

Tunacheza Tekken 7, ile ya 2017, kwa sababu PS4, yaani PlayStation ya nne, ndiyo niliyonayo na Tekken 8 haikutolewa kwa mashine hii. Usiku wa kwanza mwanangu, bila kuambiwa na mtu, akamchagua Eddy. Nilicheka hadi akaudhika. Alinipiga mapambano mawili. La tatu nilikuwa nimebakiza noti moja ya hamsini ambayo ilikuwa nauli ya Jumatatu, na nikajisikia viganja vinatoa jasho. Miaka mingi vilikuwa havijatoa jasho kwa ajili ya gemu. Ile ishirini si pesa ya kumfilisi mtu, lakini inatosha kukufanya ukae wima.

Kama huna mtoto wala ndugu, mwite jirani. Kucheza na watu wa mbali kupitia intaneti nimejaribu, na kwangu hakusaidii. Bando linaisha, picha inakwama katikati ya ngumi, na aliyeshinda hayupo pale akuringie. Wako wanaofurahia. Sibishani nao.

Linalofuata ni hesabu, na kwa kazi yangu nilipaswa kulianzia hili. Hesabu muda wako halisi wa kucheza kwa wiki, si ule unaoutamani. Wangu ni saa moja na nusu. Hadithi kuu ya Red Dead huchukua kama saa 50. Gawa: wiki 33, yaani miezi minane, nikiwa sijaugua wala sijaenda matanga hata Jumamosi moja. Ndiyo maana kila nilipoirudia nilikuwa nimesahau farasi ni wa nani na kitufe cha kuchomoa bunduki ni kipi. Nikadhani nimechoka na gemu, kumbe nilikuwa nimechagua gemu ya mtu mwenye likizo. Pambano la Tekken, hata likivutwa hadi raundi ya mwisho, ni dakika tano au sita. Mechi moja ya mpira ni kama robo saa. Chagua kinachoisha kabla hujaitwa jikoni. Gemu ndefu nilizibakisha mbili, saba nikauza, na sijaota hata moja.

Kuhusu vidole kuwa vizito: ni kweli, usijilaumu. Watafiti wa Canada walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya vita ya kompyuta, wa miaka 16 hadi 44, wakaona kasi ya kuitikia jambo huanza kupungua ukifika 24. Ishirini na nne! Mimi nilikuwa nimezeeka kabla sijaolewa. Lakini waliona pia kwamba wakubwa hufidia kwa kucheza kwa njia rahisi zaidi na kutumia vizuri njia za mkato. Kwa hiyo chagua mchezaji mmoja wa kwenye gemu, jifunze mbinu zake tano, achana na wengine wote. Nimerudia daftari, safari hii la hesabu za duka, ukurasa wa nyuma. Mwanangu anajua wachezaji kumi juujuu. Mimi namjua King. Na ukicheza peke yako, shusha ugumu hadi kiwango cha chini kabisa bila aibu, hakuna mwalimu anayesahihisha.

Jambo dogo kwa sisi ambao stima hupotea bila kubisha hodi: usiiache PS4 katika ile hali ya kusinzia ukidhani utaendelea kesho. Umeme ukikatika, ikiwashwa tena itakulalamikia kwamba haikuzimwa vizuri na kuanza kukagua hifadhi yake, na saa yako moja na nusu imeliwa. Hifadhi mchezo, kisha zima kabisa.

Na ukiona si gemu tu, hata chakula hakina ladha, marafiki wanakuchosha, usingizi umekimbia au umezidi, na hali hiyo imeendelea wiki mbili, huo mkebe hautakusaidia. Nenda ukamwone daktari umweleze hivyo hivyo ulivyo. Hilo ni jambo la hospitali.

Kanuni ya mwisho ya mkebe: ukijaa, pesa zake zisinunue gemu. Wetu tuliufungua mwezi wa Agosti. Mwanangu alizipanga sarafu sakafuni, mimi nikahesabu kama ninavyohesabu za duka, mara mbili: shilingi 1,460, yaani mapambano 73. Tulinunua kuku wa kienyeji, na ndugu yangu, aliyekuwa amechangia zaidi ya nusu, akadai firigisi. Tukabishana nani anastahili. Mwanangu akainuka, akawasha televisheni, akaweka ishirini kwenye mkebe mtupu, ikalia ndani kama kengele.