Kuweka hesabu kwa GnuCash, na pale salio linapokataa kukubaliana na benki

Nimemaliza kumwelekeza jamaa mmoja, fundi cherehani anayejitegemea, kuhamisha hesabu zake kutoka kwenye daftari kwenda kwenye GnuCash. Kazi ilikwenda haraka isipokuwa hatua moja iliyotula mchana mzima. Hiyo nimeipa nafasi yake hapa chini, mengine nayapitia juu juu.

Kwa nini GnuCash? Ni programu huria, ya bure, ipo tangu 1998, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Faili linakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Programu za mtandaoni zinazojiita za bure sizipendekezi tena: unaingiza hesabu za mwaka mzima, kisha siku moja kitufe unachokihitaji kinahamia kwenye kifurushi cha kulipia. Lahajedwali (kama Excel) nayo ni nzuri kwa orodha, ila haikuzuii kuandika upande mmoja wa muamala na kuusahau wa pili. Ubaya wa GnuCash ni sura yake. Ni ya kizamani, utaizoea.

Hatua ya 1: Faili

Sakinisha, fungua faili jipya, chagua sarafu yako. Ukiulizwa aina ya faili, chukua XML. SQLite huhifadhi kila badiliko papo hapo na wengi huipenda kwa hilo, lakini kwa XML programu hukuachia nakala zenye tarehe kila unapohifadhi, na nakala hizo zitakuokoa kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Orodha ya akaunti

Akaunti zote ziko ndani ya makundi matano: mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Programu itakuletea orodha iliyo tayari, futa usichokihitaji. Usianze na akaunti 60 za matumizi. Anza na kumi, uongeze pale swali halisi linapojitokeza, kwa mfano unapotaka kujua nauli peke yake inakula kiasi gani.

Nyumbani na biashara viwe na mafaili mawili tofauti. Najua wapo wanaoweka vyote kwenye faili moja na kutenganisha kwa akaunti ndogo, na kitaalamu inawezekana. Mimi sikubali, kwa sababu siku mtu wa kodi au mkopeshaji akiomba mizania ya biashara (ripoti ya mali, madeni na mtaji), hutaki kumkabidhi na ada za shule za watoto wako.

Fedha unazochukua kutoka kwenye biashara kwa matumizi yako binafsi si gharama ya biashara. Fungua akaunti yake chini ya mtaji. Ukiziandika kama matumizi, faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kisha weka salio la kuanzia. Chagua tarehe moja, ikiwezekana mwisho wa mwezi, na utumie salio lililochapishwa kwenye taarifa ya benki la siku hiyo, si lile unalolikumbuka.

Hatua ya 3: Kuingiza miamala

Kila muamala una pande mbili: fedha imetoka wapi, imekwenda wapi. Ni mfumo uleule Luca Pacioli alioueleza kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494, kwa hiyo umeshajaribiwa vya kutosha. Ukiacha upande mmoja wazi, programu huutupa kwenye akaunti iitwayo Imbalance. Ukiiona hiyo kwenye orodha yako ikiwa na salio, kuna kazi umeiruka.

Benki yako ikitoa taarifa kwa OFX, aina ya faili la kubadilishana taarifa za fedha, chukua hiyo. CSV, jedwali la maandishi matupu, inakubalika pia, ila angalia mpangilio wa tarehe kabla ya kuendelea, maana tarehe 3 mwezi wa 4 inageuka kirahisi kuwa tarehe 4 mwezi wa 3, na programu haitalalamika. Ukishaipangia miamala akaunti mara kadhaa, programu itaanza kukisia yenyewe, na hukisia vizuri.

Hatua ya 4: Kulinganisha na taarifa ya benki

Hapa ndipo mchana wetu ulipoishia. Fungua akaunti ya benki, nenda Actions, kisha Reconcile. Kinajitokeza kidirisha chenye tarehe ya taarifa, salio la kuanzia na salio la mwisho. Tazama vizuri hilo salio la mwisho: limeshajazwa. Lakini programu haijui benki yako imeandika nini. Imechukua salio la kitabu chako chenyewe na kuliweka hapo. Ukibonyeza OK bila kulibadilisha, utakuwa unalinganisha kitabu na kitabu. Utatia alama kila mstari, tofauti itasoma sifuri, utafurahi.

Jamaa yangu alifanya hivyo miezi miwili mfululizo. Mwezi wa tatu akaandika salio halisi la benki, na tofauti ikagoma kuisha.

Kwa hiyo: futa namba iliyopo, andika ile ya kwenye karatasi ya benki. Tarehe nayo ibadilishe ilingane na taarifa. Kisha angalia salio la kuanzia. Hilo huandiki wewe. Hutokana na miamala yote yenye alama ya y, yaani iliyokwisha kulinganishwa. Lisipokuwa sawa na salio la mwisho la taarifa iliyopita, simama hapohapo. Mwezi huu hauna kosa bado. Tatizo liko nyuma, ama mtu amefuta au kubadilisha muamala wa zamani, ama mwezi uliopita ulifungwa kwa namba isiyo ya benki. Fungua nakala ya zamani yenye tarehe, uiweke pembeni, upitie mstari kwa mstari. Muamala uliopewa y kimakosa, bonyeza hiyo herufi kwenye leja, yaani orodha ya miamala ya akaunti. Programu itakuonya, kubali, itarudi kuwa n, yaani haijalinganishwa.

Salio la kuanzia likiwa sawa, tia alama kila mstari ulioko kwenye taarifa: zilizoingia kushoto, zilizotoka kulia. Usitie alama kitu ambacho benki haijakionyesha, hata kama una uhakika ulilipa. Hundi ambayo haijapita inasubiri mwezi ujao.

Tofauti ikibaki, kabla ya kupekua kila kitu angalia namba yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, pengine umegeuza tarakimu: 540 ikiandikwa 450, tofauti ni 90. Ikiwa ni namba shufwa, tafuta muamala wa nusu yake, huenda umewekwa upande usio wake: malipo ya 1,200 yaliyoandikwa kama mapokezi huacha tofauti ya 2,400. Ikilingana kabisa na muamala mmoja, basi umeuruka au umeuingiza mara mbili. Tofauti ndogo ndogo mara nyingi ni makato ya benki ambayo hukuyaandika.

Kuingiza mara mbili kuna chanzo kimoja kikubwa: uhamisho kati ya akaunti zako mbili. Unaonekana kwenye taarifa zote mbili, na ukizipakia zote bila kuangalia unakuwa na uhamisho mara mbili. Kwenye dirisha la kupakia taarifa ya pili, mstari huo ondoa alama kwenye safu ya A, weka kwenye C, ili uoanishwe na uliopo badala ya kuongezwa. Kwa jamaa yangu vilikuwa viwili pamoja, makato na uhamisho uliojirudia, kwa hiyo tofauti haikufanana na chochote.

Kuna kitufe cha Balance kwenye dirisha hilo kinachokutengenezea muamala wa kuziba pengo. Usikiguse. Ukichoka, bonyeza Postpone uendelee kesho. Alama zako zitabaki. Finish haibonyezeki mpaka tofauti iwe sifuri, na ndivyo inavyopaswa.

Hatua ya 5: Ankara

Ukiuza kwa mkopo, tumia menyu ya Business: sajili mteja, andika ankara, ithibitishe kwa Post, na akilipa tumia Process Payment. Akaunti ya wadaiwa usiiandikie kwa mkono hata siku moja, utavuruga uhusiano wa malipo na ankara.

Hatua ya 6: Ripoti na nakala

Ripoti mbili zinatosha kila mwezi: mizania, na ile ya mapato na matumizi. Faili nakili kwenye kifaa kingine kila ukimaliza kulinganisha. Kompyuta ikizimika ghafla, safari ijayo utaambiwa faili limefungwa na mtu mwingine. Kama una uhakika hakuna aliyelifungua, chagua Open Anyway.

Mwaka ukiisha huna haja ya kufunga vitabu. Chagua tarehe kwenye ripoti na uendelee kuandika kwenye faili lilelile.