Jinsi ya kuomba hitilafu ya tarehe irekebishwe kwenye PHP

Unatengeneza fomu ya maombi kwa PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Umeandika `strtotime("05/03/2024")`, amri ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, ukitarajia tarehe 5 Machi, PHP ikakuletea Mei 3. Umekasirika, unataka kuwaandikia wenye lugha yao. Mlango upo na hautozi ada, ila ukienda na ombi hilo litafungwa tu. Kwa hiyo tuanzie nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa si lako

Hapa usiharakishe. PHP ikiona mkwaju (`/`) husoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele. Ikiona kistari, `05-03-2024`, husoma kama tunavyosoma sisi, siku mbele. Ndivyo mwongozo wake unavyosema, kwa hiyo si hitilafu. Ukiipa `28/10/2024` inatafuta mwezi wa 28, haiupati, inarudisha `false`. Ukiipitisha hiyo `false` kwenye `date()`, amri ya kuandika tarehe, bila kuikagua, mwombaji wako anaandikwa kazaliwa mwaka 1970. Mimi nikiiona 1970 kwenye ripoti, simuulizi mtu. Naenda moja kwa moja kutafuta mkwaju.

Iambie PHP mpangilio unaoutaka:

`DateTimeImmutable::createFromFormat('!d/m/Y', $tarehe)`

Alama ya mshangao usiiache. Bila hiyo, saa ya sasa hivi huingia ndani ya tarehe, na "leo" yako haitalingana na leo iliyoanza saa sita usiku. Kagua pia `getLastErrors()`, maana `31/02/2024` hupita kimya kimya ikawa 2 Machi.

Kwenye kulinganisha, usipambanishe maandishi kwa maandishi. PHP itakwambia `"10/01/2024"` ni kubwa kuliko `"05/03/2024"`, kwa sababu inaangalia herufi ya kwanza na 1 inaizidi 0. Januari imekuja baada ya Machi! Geuza zote mbili ziwe tarehe kwanza, ndipo utumie `<` na `>`. Maandishi yanayolinganishika salama ni yale yaliyoanza na mwaka, kama `2024-03-05`.

Mwisho, ukanda wa saa. Seva iliyoachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa 3, hivyo dirisha la maombi ulilotaka lifungwe saa sita usiku litabaki wazi hadi saa tisa. Weka `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam')`, au Nairobi.

Hatua ya 2: Andaa ushahidi

Kama bado jibu ni baya, punguza msimbo wako hadi mistari michache inayoonyesha tatizo, bila hifadhidata wala fomu. Uendeshe kwenye 3v4l.org, uone matoleo mbalimbali ya PHP yanajibu nini. Toleo lililokwisha kuacha kutunzwa halitarekebishwa.

Hatua ya 3: Wasilisha

Tangu Novemba 2021 hitilafu hupokelewa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwenye hazina ya `php/php-src`, sehemu ya Issues. Fungua akaunti, tafuta kama kuna aliyekutangulia, kisha jaza fomu kwa Kiingereza: msimbo wako, jibu ulilopata, jibu ulilotarajia, toleo la PHP na mfumo endeshi. Huo mstari wa "nilitarajia" ndio watu huuruka, na bila huo msomaji hajui unalalamikia nini. Tatizo la usalama usilianike hapo. Lina njia yake ya faragha. Kosa la maelezo kwenye mwongozo hupelekwa `php/doc-en`.

Na kama unachotaka ni lugha ibadili tabia, mkwaju usomwe siku mbele, hiyo si hitilafu tena. Unaandika pendekezo rasmi, RFC, ulitangaze kwenye internals, orodha ya barua pepe ya wanaoitengeneza PHP, lijadiliwe wiki 2 kwa uchache, kisha lipigiwe kura na kupata theluthi mbili. Hilo la mkwaju, kwa kurasa zote litakazozivuruga, sioni likifika hata kwenye kura.