Namna ya Kuhifadhi Nafaka na Kunde kwa Msimu Mzima Bila Sumu

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula kinachozalishwa duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika madukani. Kwa mkulima anayeweka nafaka yake mwenyewe, sehemu kubwa ya hasara ya namna hiyo husababishwa na wadudu na ukungu, na vyote viwili huhitaji vitu vile vile ili viishi, yaani maji na hewa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwanyima wadudu na ukungu vitu hivyo viwili. Nitakaa zaidi kwenye ukaushaji, kwa sababu mifuko mizuri kuliko yote haiwezi kuokoa mahindi yaliyofungiwa yakiwa mabichi.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini nafaka iliyoonekana safi siku ya kufungwa huja kubunguliwa baadaye. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani ya tundu hilo, kisha huliziba kwa ute unaokauka na kulingana na ganda. Kwa macho matupu hutaona chochote. Katika joto la nyuzi 27 hivi, yai hilo hukua hadi kuwa mdudu kamili kwa muda wa siku 35 au zaidi kidogo, na muda wote huo buu huila punje kwa ndani. Tena fukusi huruka kutoka ghalani hadi shambani, hivyo mahindi huweza kuingia nyumbani yakiwa tayari yamebeba mayai. Dumuzi ni balaa kubwa zaidi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, naye aliingia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970, akagunduliwa Tanzania kabla ya kuenea katika nchi nyingine nyingi za bara hili. Hutoboa mahindi na mihogo mikavu, hata mbao za ghala lenyewe, na hugeuza punje nyingi zaidi kuwa vumbi kuliko anazokula.

Ukungu nao una hatari ambayo mdudu hana. Aina iitwayo Aspergillus flavus hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo ilianza kutambuliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa, kwa maana joto la sufuria la kawaida halitoshi kuivunja, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kunyauka zichambuliwe na kutupwa. Kuwapa kuku au ng'ombe si njia ya kuokoa kitu, kwani kuku huathirika, na sumu aliyokula ng'ombe hutokea katika maziwa yake.

Kuvuna na kukausha

Mahindi yavunwe mara yanapokomaa. Alama ya kukomaa ni doa jeusi linaloonekana kwenye kitako cha punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, ukilikwangua kwa ukucha. Mahindi yanayoachwa shambani kwa wiki nyingi baada ya hapo hukauka kiasi, lakini huwapa fukusi nafasi ya kutaga na mvua nafasi ya kuyalowesha upya.

Yasianikwe juu ya udongo mtupu. Ukungu unaotoa sumukuvu huishi kwenye udongo, na unyevu wa ardhini hupanda usiku hata pale mchana ulipokuwa wa jua kali. Tumia turubai, mkeka, au kichanja kilichoinuliwa kutoka chini, tandaza punje kwa unene usiozidi sentimita 4 au 5, na uzigeuze kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Jioni kusanya na kufunika kabla ya umande, na asubuhi usianike tena mpaka turubai lenyewe limekauka. Nafaka itakayotumika kama mbegu isipate joto linalozidi nyuzi 43, la sivyo uotaji wake hupungua.

Kiwango cha kulenga ni unyevu wa asilimia 13 au pungufu kwa mahindi, na karibu asilimia 7 kwa karanga zilizobanguliwa, kwa kuwa mafuta yaliyomo hufanya unyevu mdogo tu utoshe kuotesha ukungu. Wapo wanaoona ukaushaji huu ni hasara, hasa wauzaji wa kwa kilo. Hesabu ni hii: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 hubaki takriban kilo 92 zinapofika asilimia 13. Kilo 8 zilizoondoka zilikuwa maji.

Kupima kwa chumvi

Kung'ata punje au kuzisikiliza zikilia mkononi ni kipimo cha wazoefu, na hata wao hukosea. Asiye na kipima unyevu atumie chumvi. Chukua chumvi ya kawaida, ikaange au uianike mpaka iwe kavu kabisa, na uiache ipoe. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu, ujaze mahindi hadi theluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, kisha utikise kwa dakika moja. Iache itulie kwa dakika 15 na uitazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa kama umande, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ikiwa imeporomoka yote chini na kuta zimebaki safi, unyevu umeshuka chini ya mpaka huo.

Jaribio hili hufanya kazi kwa sababu chumvi huanza kuyeyuka pale unyevu wa hewa inayoizunguka unapokaribia asilimia 75, na hewa iliyo kati ya punje hufikia kiwango hicho mahindi yanapokuwa na maji ya takriban asilimia 15. Hapa ndipo wengi hukosea: chumvi ikiporomoka huambiana kwamba kazi imekwisha, ilhali bado hujafika asilimia 13. Ongeza siku moja au mbili za jua kali baada ya jaribio kufaulu, na urudie kwa punje zilizochukuliwa sehemu tofauti za rundo, hususan katikati.

Kufunga

Pepeta na kuchekecha ili kuondoa vumbi, makapi na wadudu wazima, kisha acha nafaka ipoe kivulini. Nafaka inayofungwa ikiwa bado moto hutoa mvuke unaogeuka matone kwenye plastiki, nao ukungu huanzia hapo.

Mifuko isiyopitisha hewa inayofahamika zaidi ni ile ya tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde nchini Cameroon katika miaka ya 1980. Kabla ya kujaza, pulizia hewa kila mfuko wa plastiki, songa mdomo wake, na uubane ukiwa karibu na sikio. Ukisikia hewa ikitoka, tafuta tundu. Jaza mfuko wa ndani huku ukishindilia, acha plastiki ya kutosha juu, minya hewa itoke, songa mdomo mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje mara mbili na uufunge kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa pili, na mwisho gunia la nje, kila mmoja kwa kamba yake. Kuifunga yote mitatu kwa fundo moja ni uvivu unaogharimu gunia zima.

Ndani ya mfuko, wadudu waliobaki huvuta hewa mpaka oksijeni inashuka chini ya asilimia 5, kutoka asilimia 21 ya kawaida. Watafiti wa kunde waligundua jambo la kuvutia: mdudu anayeishi ndani ya punje kavu hutengeneza sehemu kubwa ya maji yake mwilini kwa kutumia oksijeni, hivyo inapopungua huacha kula na hatimaye hufa kwa kukauka, kwa maneno mengine kwa kiu. Pipa la plastiki au la bati lenye kifuniko kinachobana hufanya kazi ile ile, mradi lijazwe mpaka juu, kwani pipa lililojaa nusu lina hewa ya kuwalisha wadudu kwa muda mrefu.

Kunde zina msaada mwingine wa ziada. Zitandaze kwa unene mdogo juu ya plastiki nyeusi wakati wa jua kali, zifunike kwa plastiki angavu na ubane kingo kwa mawe kwa saa chache. Joto la nyuzi 57 likidumu kwa saa moja huua mayai, mabuu na wadudu wazima. Vidonge vya gesi ya fosfini, kwa upande mwingine, havifai kabisa kutumika katika nyumba wanamolala watu, kwani gesi hiyo huua binadamu kama inavyoua mdudu.

Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta kwa kadiri panya wasivyoweza kujificha, na usiifungue kwa miezi miwili ya mwanzo. Kila unapochota, chota cha wiki kadhaa kwa mara moja na ufunge upya siku hiyo hiyo. Tegesha sikio kwenye gunia mara kwa mara: ukisikia mkwaruzo mwembamba ndani wiki nyingi baada ya kufunga, hewa inaingia mahali. Tundu dogo huzibwa kwa utepe wa plastiki pande zote mbili, na mfuko uliochanika zaidi ya hapo hautafaa tena kuhifadhia, ila msimu ujao utafaa kutandikwa chini ya turubai la kuanikia.