Jinsi ya kujikagua mdomo, koo na shingo, maana HPV sio ya mlango wa kizazi tu

Wadau, wengi wetu tukisikia kirusi cha HPV tunawaza saratani ya mlango wa kizazi, na wanaume ndio kabisaa wanaona hayawahusu. Yanawahusu. Kirusi hichohicho, hasa aina ya 16, kinasababisha saratani ya koo kwa nyuma, kwenye tonsesi na shina la ulimi, na wanaoipata wengi ni wanaume. Kinaambukizwa zaidi kwa ngono ya mdomo. Miili mingi inakiondoa yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila kwa wachache kinabaki kimya miaka na miaka afu saratani inaanza.

Saratani za mbele ya mdomo, yaani ulimi wenyewe, fizi, mashavu kwa ndani, chanzo kikubwa ni sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna na pombe, HPV mchango wake huko ni mdogo. Ya HPV inajificha nyuma ambako kioo hakifiki vizuri, na mara nyingi dalili ya kwanza ni uvimbe shingoni usiouma. Ndio maana ukiangalia mdomo peke yake hujajikagua.

Jikague mara moja kwa mwezi. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, kama una meno ya bandia yatoe. Vuta midomo na mashavu uangalie ndani, toa ulimi uushike na kitambaa safi uangalie pembeni kulia na kushoto, afu uunyanyue uone chini yake. Unatafuta kidonda, baka jeupe au jekundu lisilofutika, au sehemu iliyokuwa ngumu. Halafu sema "aaa" umulike tonsesi, ikiwa moja imekua na nyingine iko kawaida hiyo usiipuuze.

Kwenye shingo usiwe na haraka. Tumia vidole vitatu, anza nyuma ya sikio, shuka chini ya taya, fuata msuli wa pembeni mpaka kwenye mtulinga, afu upande wa pili, ulinganishe. Tezi la mafua huwa linauma na linanywea baada ya muda. Gumu, lisilouma, linalozidi kukua ndilo la kukupeleka hospitali. Ongeza hapo kumeza kwa shida, sikio moja kuuma bila ugonjwa wa sikio, sauti kukwaruza, mate yenye damu. Chochote kati ya hivi kikipita wiki tatu, nenda.

Kinachoniumiza ni watu wanavyochelewa. Mtu yuko Igombe au visiwani Ukerewe, koo linasumbua, anakunywa amoksilini ya duka la dawa mara tatu nne, haiponi, anaenda kukatwa kimeo. Jamani kukata kimeo hakutibu kitu na unaweza kuvuja damu vibaya. Wengine wanaambiwa ni TB ya tezi, na kweli inaweza kuwa TB, lakini ithibitishwe kwa kipimo. Anzia kituo cha afya au kwa daktari wa meno, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana kitengo cha saratani na mionzi ipo, sio lazima ufike Dar.

Huko watachoma sindano kwenye uvimbe wavute chembe za kupima, au watakata kinyama kikapimwe. Yale maneno kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa yasikuzuie, bila kinyama hakuna anayejua anatibu nini. Majibu yakiwa ni saratani ya koo uliza kama imepimwa HPV, maana zenye HPV kwa kawaida zinaitikia tiba vizuri zaidi.

Kuhusu chanjo ya HPV, Tanzania ilianza 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14, bure. Hapahapa Mwanza ulifanyika utafiti wa DoRIS kwa wasichana 930, ukaonyesha dozi moja inajenga kinga na inadumu. Haileti ugumba, hilo lisemwe wazi. Inazuia maambukizi, haitibu aliyekwisha ambukizwa, ndio maana inatolewa mapema, kwa hiyo kama binti yako yuko kwenye umri huo na siku ya chanjo shuleni hakuwepo mpeleke zahanati ya karibu wiki hii.