Saida ya maepo: kutoka juisi hadi chupa isiyolipuka

Saida (cider) ni pombe ya juisi ya maepo iliyochachuliwa kwa hamira. Anza na lita tano. Ukikosea hasara ni ndogo, na dumu la lita tano linaingia kwenye beseni la maji, jambo utakalolihitaji kwa sababu ya joto kama unaishi Dar au Mombasa.

Maepo ni yale ya Njombe, Lushoto au Afrika Kusini. Si tufaa la Pwani lenye nyama kama sifongo. Kilo tisa au kumi, zikisagwa kwa blenda na kukamuliwa kwa kitambaa, hutoa kama lita tano. Theluthi moja yawe ya kijani. Mekundu peke yake ni matamu tu, na hamira ikishakula sukari yake utabaki na pombe chapwa. Juisi uliyokamua ipashe moto hadi nyuzi 70 kwa dakika kumi, uifunike ipoe. Ukiichemsha itabaki na ukungu usiotulia.

Juisi ya boksi nayo inafaa, mradi iwe juisi tupu. Soma lebo: ukiona E202 au E211, irudishe rafuni. Dawa hizo huwekwa makusudi ili hamira isizaliane. Vitamini C haina neno.

Osha vyombo kwa sabuni, kisha viloweke dakika 20 kwenye jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jiki isikutane kamwe na siki wala ndimu, maana hutoa gesi ya sumu.

Tumia hamira ya mvinyo au ya saida. Pakiti ya gramu 5 hutosha zaidi ya lita 20, kwa hiyo nusu yake inatosha. Hamira ya maandazi itachachua pia, ila huacha harufu ya unga na mashapo yanayovurugika kila ukigusa dumu.

Acha nafasi ya povu, upana wa vidole vinne. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba kama wa dripu, ziba pembeni kwa nta, na ncha ya nje izame kwenye kikombe cha maji. Gesi itoke, hewa isiingie: bakteria wa siki wanahitaji hewa, na ndio wanaoharibu pombe nyingi za nyumbani. Joto zuri ni nyuzi 16 hadi 22. Palipo na joto zaidi, weka dumu kwenye beseni la maji, livike kitambaa kibichi, na badilisha maji asubuhi na jioni. Likizidi nyuzi 28 pombe huwa kali puani.

Sasa haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa juisi ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Sukari ikiliwa, namba hushuka. Usiihurumie hela yake. Juisi huanza karibu 1.050 na humaliza 1.000 au chini yake, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu. Zidisha tofauti kwa 131 upate kilevi: 0.050 ni kama asilimia 6.5. Mapovu kukoma si ushahidi, maana baridi ya usiku tu huyatuliza. Pima, ngoja siku tatu, pima tena. Namba zikilingana, tena ziko 1.000 au chini, ndipo uanze kuchupa.

Kwa nini ukali huu wote? Gesi ya kutosha ndani ya chupa inahitaji gramu 6 za sukari kwa lita. Saida iliyokwama 1.010 bado ina zaidi ya gramu 20 kwa lita. Ukiifunga hivyo, chupa inakuwa bomu la vioo.

Yeyusha sukari, gramu 6 kwa kila lita ya saida, kwenye maji kidogo ya moto, yapoze, mimina kwenye chombo safi, kisha nyonya saida juu yake kwa mpira, ukiacha mashapo chini. Ncha ya mpira ikae chini ya uso ili isirushe povu. Tumia chupa za bia zenye vizibo vipya, au za plastiki za soda. Za maji, mvinyo na konyagi hazikuundwa kwa mgandamizo huo. Acha sentimita tatu juu. Mgeni wa kazi hii atumie plastiki: ikiwa ngumu kama ya soda mpya, kwa kawaida kati ya siku tano na kumi, peleka zote kwenye friji.

Harufu ya yai viza katikati ya kazi ni hamira iliyokosa lishe, na mara nyingi huondoka yenyewe. Ukungu wenye manyoya, mwaga. Harufu ya siki haina tiba.

Saida hii itakuwa kavu. Anayependa utamu aongeze juisi kwenye glasi, kamwe si kwenye chupa.