Jinsi ya kuhamisha umiliki wa Land Cruiser ya mkononi hapa Mwanza, na kwa nini rangi isubiri

Kama unasoma hii na gari ulilonunua tayari liko kwa fundi kabla kadi haijaandikwa jina lako, simamisha kazi leo. Mlipe alipofikia, mwambie afunge boneti, halafu uendelee kusoma.

Mimi na mume wangu tulinunua Land Cruiser HZJ75, pikapu ya mwaka 1997 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na turbo ambayo mafundi wa Nyakato wanaifungua huku wakipiga soga. Tulitaka gari la kuvuka nalo Kisorya kwenda Ukerewe hata wakati wa masika, na siku moja kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka bila kukodi cha mtu. Tulitoa milioni 24. Wiki hiyo hiyo mume wangu alikuwa ameshaagiza mkonga (lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu) na springi nzito, na mimi nilikuwa nimeshachagua rangi ya kijani. Kadi ya gari tukasema tutaishughulikia Jumatatu. Jumatatu hiyo ilifika baada ya wiki tisa.

Kabla ya kutoa hela

Dalali atakuonyesha kadi kwa mbali, kama picha ya mchumba. Iombe, uishike mwenyewe, tena iwe kadi halisi na si fotokopi. Soma jina. Muuzaji wetu wa Igoma alikuwa muungwana, ana mkataba, ana funguo zote mbili, ila jina kwenye kadi lilikuwa la mzee mmoja wa Musoma, mfanyabiashara wa dagaa, aliyemuuzia gari miaka minne nyuma. Tulipouliza, dalali akajibu, "Hiyo haina shida dada yangu, mtamalizana tu." Siku hizi nikisikia "haina shida" kwa dalali, naweka laki mbili pembeni.

Mbele ya TRA, Mamlaka ya Mapato, mwenye gari ni yule aliyeandikwa. Kwa hiyo ilibidi umiliki uhame mara mbili: Musoma kwenda Igoma, kisha Igoma kuja kwetu. Kila uhamisho una ada ya 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari. Jumla, wetu ulikuwa 300,000. Ule wa kwanza, kwa mauzo ya milioni 17, ulikuwa 230,000. Mkataba wetu haukusema nani alipe huo wa kwanza. Muuzaji alikuwa ameshapata hela yake na usingizi wake, kwa hiyo tukalipa sisi. Ninyi andikeni kwenye mkataba, na mbakize sehemu ya bei mkononi mpaka kadi itoke. Muuzaji mwenye milioni 2 zake kwako anapokea simu mlio wa kwanza.

Na huyo wa kwenye kadi akiwa amefariki? Usikubali "watoto wote wamesaini". Inatakiwa awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, omba uone Fomu Namba 4, na anayekuuzia awe ndiye aliyetajwa humo. Fomu kama bado haijatoka, nenda ukatazame gari jingine. Mirathi ina kalenda yake, na vikao vya ukoo vina yake.

Magari ya miradi ya wafadhili nayo, yale yaliyokuwa na namba za DFP, yanavutia macho: yametunzwa, yana keria, mengine yana winchi kabisa. Uliza kama ushuru wake umelipwa. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi ile inadaiwa. Bei nzuri ya mnadani mara nyingi imejificha hapo.

Ingiza pia namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki wa kuangalia madeni. Ni bure na dakika mbili zinatosha. Kosa moja ni 30,000, na gari letu lilikuwa na makosa sita, yote ya barabara ya Musoma. Tuligundua tumeshanunua, kwa njia ya askari pale Kisesa aliyetusalimia kwa heshima zote kisha akatoa simu yake.

Mkataba

Hapa sina mengi. Wakili, mihuri, picha za pasipoti, namba za NIDA za pande zote, TIN za pande zote. TIN haiuzwi, kwa hiyo kijana wa nje ya steshenari anayekudai 20,000 za "kuifanyia haraka" mpungie mkono na uendelee na safari. Bei iandikwe ile ya kweli. Sisi tuliandikisha kwa jina langu, kwa sababu TIN ya mume wangu ilikuwa na mambo yake ya zamani. Mpaka leo akitaka kwenda nalo Magu ananiomba funguo kwa sauti ya unyenyekevu, na siioni sababu ya kumzuia.

Ukaguzi, hapa ndipo tulipolala

Kabla ya uhamisho gari letu lilipelekwa kukaguliwa na trafiki. Mkaguzi anafananisha gari na kadi: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi. Tulifika asubuhi na gari linang'aa kijani, keria juu, mkonga ubavuni, tukijiona wakubwa. Mkaguzi akalizunguka mara mbili, akaitazama kadi, akaniuliza: "Mama, hili gari na hii kadi vinafahamiana?"

Kadi ilisema nyeupe. Hilo kosa lilikuwa letu. Namba ya injini nayo ilikuwa tofauti, na hilo hatukulijua. Kumbe mzee wa Musoma aliwahi kuua injini, akafunga nyingine ya 1HZ, akaendelea kusomba dagaa bila kumwambia mtu. Kwa macho zinafanana kama pacha. Fundi wetu alikuwa amezama humo ndani siku tatu na hakuitazama namba, maana hakuna aliyemwagiza.

Injini iliyobadilishwa inahitaji uthibitisho wa ilikotoka. Usipokuwa nao, mbele ya askari hiyo ni injini ya wizi mpaka useme vingine. Mume wangu akapanda basi la Musoma, zaidi ya kilometa 200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mara ya kwanza mzee alikuwa visiwani. Mara ya pili alikuwepo lakini risiti haikuwepo. Mara ya tatu mkewe akaikuta kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto ambao sasa wana ndevu. Mungu ambariki mama yule. Ingekuwa kwetu, risiti hiyo ingeshafungiwa vitumbua.

Kwa hiyo, siku ya kwenda kulitazama gari, beba tambara, dizeli kidogo kwenye chupa, na tochi. Sugua grisi kwenye injini mpaka namba isomeke. Ya chesisi kwenye hizi Land Cruiser imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Piga picha zote mbili, kisha linganisha na kadi herufi kwa herufi. Ukikuta rangi mbichi juu ya namba ya chesisi, aga kwa adabu uondoke. Na ukipiga rangi gari lako, fundi aifunike sehemu hiyo kwa karatasi ya gundi. Wetu alitaka kuipuliza nayo "ipendeze". Nilifika kwa bahati tu.

Kuwasilisha maombi

Ukiwa na ripoti ya ukaguzi, mkataba, kadi ya zamani na vitambulisho, kinachobaki ni miguu. Utapewa namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki, utasubiri. Vishoka watakuita "bosi" kuanzia getini, uwapite. Kuna ofisi moja, siitaji, ambako mtandao huanguka saa nne na kuamka baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo sisi tulijifunza kufika saa moja na nusu na chupa ya chai.

Kilichofanyiwa gari baadaye

Ukitaka kulijenga, tenganisha mambo mawili. Vinavyosomeka kwenye kadi (rangi, injini, aina ya bodi) vikibadilika, kadi nayo ibadilishwe: unakaguliwa tena, unaomba marekebisho ya taarifa, unapata kadi mpya. Sisi tuliofunga kibanda cha kulala nyuma ya pikapu tumeambiwa turudi kwa ajili ya bodi. Springi, shokapu, mkonga, winchi na keria mkaguzi hakutuuliza, isipokuwa zile taa za ziada juu ya keria. Hizo tumezivika vifuniko na tunazivua porini tu.

Kampuni ya bima iambiwe pia. Mwaka huo bima ndogo tulikata kwa 118,000 na hakuna aliyetuuliza kitu, lakini bima kubwa walitaka picha za gari pande zote nne, na picha ya kijani yenye kadi nyeupe ilirudishwa siku hiyo hiyo.

Kadi mpya ikitoka, isome ukiwa bado dirishani. Mume wangu ndiye aliyejaza maombi yetu ya rangi, usiku, akiangalia mpira. Alijaza "bluu". Tulishafika Mabatini ndipo nikaifungua bahasha, tukageuza gari, kijani lile lile, tukarudi kupanga foleni.