Somo: Sanduku la Ward, lililovusha miche baharini ikiwa hai

Kwa kuwa kila mwezi naulizwa jinsi ya kutengeneza sanduku la Ward, yaani sanduku la vioo lililozibwa la kusafirishia miche, ninaandika mara moja. Mwaka 1833 Nathaniel Ward, daktari wa London, alipakia masanduku mawili ya kangaga na nyasi katika merikebu iliyokwenda Sydney, na karibu mimea yote ikafika hai. Hivi ndivyo sanduku hilo linavyotengenezwa.

Hatua ya 1. Chagua miche iliyokwisha kushika mizizi.

Hatua ya 2. Tengeneza sanduku la mbao ngumu, lenye paa la vioo lililoinama pande mbili.

Hatua ya 3. Udongo. Hapa ndipo nilipoharibu jaribio langu la kwanza. Nilidhani kwamba, kwa kuwa sanduku halitafunguliwa, ni heri maji yazidi kuliko yapungue. Baada ya wiki tatu mizizi ilikuwa imeoza, nami sikuona lolote mapema kwa sababu vioo vilijaa matone. Lowesha udongo, kisha uache maji yote ya ziada yachuruzike kwenye matundu ya chini kabla ya kuyaziba. Usifunge siku hiyo hiyo. Udongo ukikamuliwa kiganjani ushikane bila kutoa tone.

Hatua ya 4. Ziba kila upenyo. Unyevu unaotoka majanini hugeuka matone juu ya kioo na kurudi udongoni.

Hatua ya 5. Liweke mwangani. Merikebuni lilikaa juu ya sitaha, si ngamani.

MASWALI

Sijasoma yote. Nimwagilie mara ngapi kwa siku?
— Soma hatua ya 3.

Langu liko chini ya ngazi na miche imepauka. Nadhani maelezo yako yana kasoro.
— Nimeandika mwangani.

Je, mikarafuu ya Unguja ililetwa hivi?
— Swali zuri. Hapana, kwa maana karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya jaribio la Ward. Mbegu yake hufa ikikauka, kwa hiyo haikuweza kusafirishwa kama mtama. Ilibidi ihifadhiwe mbichi au iende ikiwa mche.

Na kabla ya vioo walifanyaje?
— Waliimwagilia miche kwa maji ya kunywa ya merikebuni. Katika Bounty, merikebu ya Kiingereza ya nahodha Bligh, iliyochukua miche 1,015 ya mishelisheli kutoka Tahiti mwaka 1789, sakafu ya chumba kikubwa ilifunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi ili maji yaliyochuruzika vyunguni yakusanywe na kutumika tena. Mabaharia walioasi waliitupa miche hiyo baharini. Ni safari ya pili ya Bligh iliyoifikisha mishelisheli Jamaica, mwaka 1793.

Nakaa ufukweni, na vioo vyangu vimefifia.
— Ni chumvi. Vifute kwa kitambaa chenye maji baridi, kwa nje tu, bila kufungua.